Katoni nzima, chuma kimepasuka: uchambuzi wa kisa kimoja cha uharibifu uliofichika

Lori lilifika Alhamisi saa 10 jioni, mafundi wakifagia vipande vya kitambaa na mwenye karakana ya ushonaji, mama mmoja, tayari ameshika funguo mkononi. Lilibeba paleti 2 zenye katoni 8 za vichwa vya cherehani za kiwandani, mzigo ambao mama huyu alikuwa ameshaulipia wote. Dereva alikuwa na haraka.

"Mama, nisainie hapa, bado nina wateja wanne."

Mama akahesabu katoni, zikatimia 8. Akazizunguka paleti mara moja: nailoni haijachanika, hakuna kona iliyobonyea, hakuna alama ya maji. Akatia saini chini ya maneno yaliyokwisha kuchapwa kwenye karatasi: "Mzigo umepokelewa ukiwa kamili na katika hali nzuri." Utingo akafunga mlango wa nyuma, lori likaondoka.

Jumatatu asubuhi fundi akaanza kufungua. Vichwa 4 vya paleti ya kwanza vilikuwa salama, na viwili vya juu kwenye paleti ya pili pia. Katoni ya 7 ilipofunguliwa ikatoa harufu ya mafuta ya mashine. Kichwa kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia kwenye tundu la bawaba na kukata kitanda cha mashine hadi karibu na bamba la sindano. Gurudumu la mkono lilizunguka nusu tu, likakwama. Katoni ya 8, iliyokuwa ubavuni mwake, nayo ilikuwa hivyo hivyo: ufa mfupi zaidi, lakini mhimili umepinda.

Nililetewa karatasi za kisa hiki Jumanne, nikakaa na mwenye karakana mpaka dai likafungwa. Ameniruhusu kukisimulia bila majina. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu nimeona biashara ndogo nyingi zikipoteza fedha mahali hapa hapa, na mara nyingi hazipotezi kwa kukosa haki. Zinaipoteza haki hiyo katika saa chache za mwanzo, wakati ambapo hakuna anayejua kwamba kuna kesi.

Kwanza tuelewe chuma chenyewe. Kitanda cha kichwa hiki kilikuwa cha chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa kwenye kalibu. Ni kizito na kigumu, lakini hakipindi. Chuma cha kawaida kikipata kishindo hubonyea. Cha kusubu hupasuka. Ndiyo maana katoni inaweza kudondoka, ikatua bapa kwa ubavu, ikabaki na umbo lake zuri kabisa, huku kilichomo ndani kimekatika. Katoni haikupata alama kwa sababu kishindo kiligawanyika kwenye ubavu mzima. Kilichoumia ni sehemu nyembamba ya chuma penye tundu. Anayesema "boksi lilikuwa zima, basi mzigo ulikuwa mzima" hajawahi kufungua mizigo ya vyuma, vigae au vioo.

Sasa tuje kwenye makosa, maana yalikuwepo. Jumatatu ile mama alimpigia dereva simu. Dereva akamjibu kwa upole, "Mama, mimi naendesha gari tu, mzigo niliuleta mzima." Siku ikaishia hapo. Simu kwa dereva si taarifa ya madai. Dereva hana mamlaka ya kulipokea dai, na hata angekuwa nayo, maneno ya simu hayaachi karatasi. Saa hizo hizo fundi, kwa kupenda usafi, alikunja katoni 6 na kumpa mwokota makaratasi. Katoni ya 7 ilibaki kwa sababu ilikuwa imelowa mafuta na mwokota makaratasi hakuitaka. Ya 8 ilibaki kwa sababu ilishageuzwa kuwa pipa la vipande vya kitambaa. Hizo katoni mbili, zilizobaki kwa bahati tu, ndizo zilizokuja kuliokoa dai.

Nyuma ya hati ya usafirishaji, kwa herufi ndogo za kuchosha macho, masharti ya msafirishaji yalitaka uharibifu usioonekana kwa nje uripotiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu makabidhiano. Taarifa yetu ilikwenda Jumatano, siku ya 6. Tulibakiwa na siku moja.

Muda huu haulingani kila mahali, na kuukisia ni hatari. Kwa safari za barabara za kuvuka mipaka zinazoongozwa na Mkataba wa CMR wa mwaka 1956, ni siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Kwa mizigo ya meli chini ya Kanuni za Hague za mwaka 1924, ni siku 3 tu. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978 zinatoa siku 15. Kwa ndege, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unatoa siku 14. Uzito wa kuchelewa nao hutofautiana. Kwa mzigo wa meli, kuchelewa hukutwisha mzigo wa kuthibitisha lakini hakufungi mlango. Kwa mzigo wa ndege, ukikaa kimya hadi siku 14 zipite, dai limekufa, isipokuwa kama msafirishaji alifanya udanganyifu. Nchini Marekani, kanuni zinazotumiwa na wasafirishaji wengi wa malori zilipunguza muda huo mwaka 2015 kutoka siku 15 hadi siku 5 za kazi, na wapo waliogundua mabadiliko hayo siku ya 6. Kwa hiyo kabla lori halijafika, geuza hati yako usome nyuma.

Siku 7 hizo ni za kutoa taarifa tu. Dai kamili lenye hesabu na vielelezo lina muda wake mrefu zaidi, na shauri la mahakamani lina wake pia. Chini ya CMR kwa kawaida ni mwaka 1. Watu huchanganya mambo haya wakakaa wakikusanya ankara na makadirio ya fundi, kumbe kilichotakiwa siku ya kwanza ni mistari minne. Sisi tuliandika hivi:

"Tunawajulisha kwamba katika mzigo tuliopokea Alhamisi, katoni 2 kati ya 8, zote kutoka paleti ya pili, zimekutwa na vichwa vya cherehani vilivyopasuka. Uharibifu haukuonekana kwa nje. Tunawataka mtume mkaguzi. Mashine hizo 2 na katoni zake zimehifadhiwa. Tunawashikilia kuwajibika kwa hasara hii, na hesabu kamili itafuata."

Chini yake tukaweka namba ya hati, namba za mashine na picha 5. Hatukutaja kiasi cha fedha. Kiasi unachokitaja kwa haraka huwa dari. Ukigundua baadaye kwamba hasara ni kubwa zaidi, utaulizwa kwa nini umebadilisha maneno.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja, na lilikuwa lile ninalolitegemea kila mara: saini yako inasema hali nzuri, ulikaa na mzigo siku 4, tutajuaje kwamba hamkuuangusha wenyewe? Wengi hukasirika wakisoma maneno kama haya. Mimi nadhani ni swali halali, na dai lote limesimama juu yake. Msafirishaji hakubishi kwamba mashine imepasuka. Anauliza imepasuka lini. Picha za ufa, hata ziwe 50, hazijibu swali hilo.

Kuna vipindi vitatu ambamo ufa ule ungeweza kutokea: kabla ya mzigo kukabidhiwa msafirishaji, ukiwa mikononi mwake, au baada ya saini. Mwenye mzigo analazimika kukifunga cha kwanza na cha tatu ili kibaki cha kati. Hati safi, yaani isiyoandikwa kasoro yoyote, iliyotolewa mwanzoni mwa safari haitoshi kufunga kipindi cha kwanza, kwa sababu inathibitisha hali ya nje tu. Msafirishaji hakufungua katoni zilizozibwa na hakutakiwa kuzifungua. Kwa sababu hiyo hiyo, saini ya mpokeaji haithibitishi hali ya ndani. Saini ile ni dhana inayoweza kupinduliwa, na siku za taarifa ziliwekwa ili kuwe na nafasi ya kuipindua. Mama alipolisikia hilo ndipo aliponyanyua uso. Alikuwa ameshaamini kwamba saini yake imemaliza kila kitu.

Kipindi cha kwanza kilifungwa na kipande cha kitambaa. Cherehani mpya za kiwandani mara nyingi hutoka zikiwa na kitambaa kidogo kilichobanwa chini ya mguu wa kubania, chenye mshono wa majaribio. Vichwa vyote viwili vilikuwa navyo, na mshono ulikuwa umenyooka, nyuzi za juu na chini zimekaza sawa. Kichwa chenye mhimili uliopinda hakiwezi kutoa mshono kama ule. Tukamwomba muuzaji kadi za ukaguzi zenye namba za mashine hizo, akazituma siku hiyo hiyo pamoja na picha za upakiaji. Picha hizo niliziomba kwa mazoea tu, bila kutarajia kitu.

Kipindi cha tatu kilikuwa kigumu zaidi. Siku 4 ni nyingi. Tulikuwa na maelezo ya fundi yaliyoandikwa na kusainiwa: paleti zilikaa zilipotuliwa, karakana ilifungwa Jumamosi na Jumapili, hakuna foklifti wala kifaa cha kunyanyulia. Ni maelezo mazuri, lakini yanatoka kwa mtu wetu. Tulihitaji kitu kisicho na upande.

Hapo ndipo katoni iliyolowa ilipozungumza. Kichwa kilichojaribiwa kiwandani hubaki na mafuta kidogo ndani yake hata baada ya kumwagwa, na mafuta hayo yalivuja. Doa lake halikuwa chini ya katoni, mahali ambapo lingekuwa kama katoni ilisimama wima jinsi mishale ilivyoelekeza. Lilikuwa ubavuni, pana kama sahani, limepenya hadi tabaka la nje la karatasi na kukauka kingo zake. Katoni ile ililala ubavu kwa muda mrefu wa kutosha mafuta yatiririke, yaingie kwenye karatasi na yakauke. Katika karakana haikuwahi kulazwa; ilifika ikiwa wima ndani ya nailoni na ikafunguliwa ikiwa wima. Ndani yake, povu gumu jeupe la upande ule ule wa doa lilikuwa limepondwa likabaki unene wa kidole, huku la upande wa pili likiwa na unene wake wote. Tukaligeuza pipa la vipande vya kitambaa: katoni ya 8 nayo ilikuwa imepondwa povu upande mmoja.

Halafu ikaja picha. Mdogo wake mwenye karakana alikuwa amepiga picha paleti zote mbili jioni ile ile ya Alhamisi na kuituma kwa ndugu zake kwa furaha, "Zimefika!" Hakuna aliyeifikiria kama ushahidi. Tulipoiweka kando ya picha ya muuzaji tukaona jambo ambalo mama alilipita akizunguka paleti. Muuzaji alifunga paleti zote mbili kwa nailoni nyeupe inayoonyesha ndani, na juu yake mikanda ya kijani. Katika picha ya mdogo wake, paleti ya kwanza iko hivyo hivyo. Ya pili imefungwa kwa nailoni nyeusi, na haina mkanda hata mmoja.

Paleti ile ilifumuliwa njiani ikafungwa upya. Kwa nini, hatukuambiwa na hatukuhitaji kuambiwa. Labda iliegemea wakati wa kuhamishwa kutoka lori moja kwenda jingine, labda uma wa foklifti uliikosa. Aliyeifunga upya aliziona katoni zikiwa chini na hakuandika popote.

Natamani kila anayepokea mzigo alichukue hili kutoka kisa hiki: uharibifu uliofichika mara nyingi haujajificha wote. Mashine ndiyo isiyoonekana, lakini dalili za safari mbaya ziko nje kwa anayejua kuangalia. Nailoni ya rangi tofauti. Mkanda uliokatwa. Gundi ya utepe juu ya utepe. Mshale unaoelekea pembeni. Kile kibandiko cha mshtuko ambacho hubadilika rangi katoni ikigongwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha kwamba kilichomo kimevunjika, na sishauri mtu akatae mzigo kwa sababu hizo tu; mzigo uliokataliwa huishia kwenye ghala la mtu mwingine, gharama zikihesabiwa kwa siku na wewe huna nafasi ya kuukagua. Kinachotakiwa ni kuviandika kwenye karatasi ya dereva kabla ya saini.

Na kuandika kwenyewe kuna namna. Wafanyabiashara wengi wamefundishwa kuandika "kwa sharti la kukaguliwa" wakaamini wamejikinga. Ulinzi wake ni mdogo sana. Ni maneno yanayoweza kuandikwa kwenye kila mzigo duniani, kwa hiyo hayasemi lolote kuhusu mzigo huu. CMR, kwa mfano, inataka mpokeaji aeleze walau kwa jumla ni upungufu au uharibifu gani. Mama angeandika, "Paleti ya 2 imefungwa upya kwa nailoni nyeusi, haina mikanda," angetumia nusu dakika ya muda wa dereva na kutuokoa wiki 5 za kubishana. Dereva anaweza kununa. Anaweza kusema haruhusiwi kuandikiwa kitu. Bado karatasi ni yako pia. Andika kwenye nakala yako na yake, piga picha, kisha saini.

Kabla ya kuona picha hizo mbili, msafirishaji alikuwa ametoa ofa ya theluthi moja ya hasara. Ofa hii ina mantiki yake, na katika biashara ya usafirishaji si ngeni: mtumaji huenda alifunga vibaya, msafirishaji huenda aliangusha, mpokeaji huenda aligonga, basi kila mmoja abebe sehemu yake. Ni mantiki ya watu wasio na ushahidi. Ukiwa huna kitu zaidi ya ufa, theluthi si dharau, na kuna siku nimewashauri watu waichukue. Lakini usiikubali kabla hujaziuliza karatasi za pande zote. Kuomba picha za upakiaji hakugharimu chochote.

Tulipotuma picha mbili zikiwa sambamba, pamoja na picha ya doa na povu, mkaguzi akaja. Alikaa dakika 20, akapima povu kwa rula, akanusa katoni. Jibu la pili lilijaribu njia moja ya mwisho: ufungaji wa muuzaji ulikuwa hafifu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu, kwani msafirishaji kwa kawaida hawajibiki kwa kasoro za ufungaji. Lakini vichwa 6 vilivyofungwa kwa namna hiyo hiyo, vikapita njia hiyo hiyo, vilifika salama. Hoja ikaachwa, dai likakubaliwa.

Kukubaliwa si kulipwa chote. Masharti yaliweka ukomo wa fidia kwa kilo ya mzigo ulioharibika, na kila katoni ilikuwa na kilo 32. Ili kuona jinsi ukomo unavyofanya kazi, chukua CMR: ni vipimo 8.33 vya SDR kwa kilo, SDR ikiwa kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kilo 32 ni kama SDR 267 kwa kichwa kimoja, hata kama kimegharimu mara nne ya hapo. Kwa meli, Kanuni za Hague-Visby, yaani zile za Hague zilizorekebishwa, hutoa SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo, kinachozidi. Hapa neno moja kwenye hati ya shehena hugeuza hesabu. Kama mzigo huu ungesafiri kwa meli na hati ikasema "paleti 2", paleti ya pili ingehesabiwa kifurushi kimoja, na vichwa vyote viwili vingegawana SDR 666.67. Kama hati ingesema "katoni 8 juu ya paleti 2", kila katoni ingekuwa kifurushi chake, na ukomo ungekuwa SDR 1,333.34. Chuma ni kile kile na ufa ni ule ule. Mwambie muuzaji wako aandike idadi ya katoni.

Siku 9 za kazi ambazo mafundi wawili walikaa bila mashine hazikulipwa. Masharti ya usafirishaji kwa kawaida hulipa thamani iliyopungua kwenye mzigo na kurudisha nauli ya sehemu iliyoharibika, basi. Muuzaji naye hakuwa na deni: kwa masharti ya mauzo waliyokubaliana, hatari ilihamia kwa mnunuzi pale mzigo ulipokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza. Kama wangekubaliana DAP, moja ya masharti ya kimataifa ya mauzo yaitwayo Incoterms, ambapo muuzaji hubeba hatari hadi mlangoni, vita hii ingekuwa ya muuzaji.

Bima ya mzigo haikuwepo. Ingekuwepo ile pana, inayojulikana kwa herufi A, pengo kati ya ukomo wa kilo na bei ya kichwa lingezibwa. Ile nyembamba ya herufi C isingesaidia, kwani inahusu majanga makubwa kama moto, kuzama na gari kupinduka, wala si katoni iliyodondoka ghalani. Na hata mwenye bima bado ana wajibu: kampuni ya bima itauliza kama ulitoa taarifa kwa msafirishaji kwa wakati, kwa sababu inataka kumdai yeye baadaye.

Mama alilipwa mwezi wa tatu tangu mzigo ufike. Kichwa kimoja kilibadilishwa. Cha pili fundi wa vyuma alikataa kukichomelea, akisema chuma cha kusubu kikichomelewa penye bawaba kitapasuka tena pembeni ya mshono, kwa hiyo kikavunjwa kuwa vipuri. Mzigo uliofuata ulikuja na katoni 3. Nilikuwepo. Dereva alikuwa mwingine, haraka ilikuwa ile ile. Mama akamwambia, "Kaka, kaa kidogo unywe maji," akachukua kisu, akafungua katoni iliyokuwa chini kabisa mbele yake, akazungusha gurudumu la mkono duru nzima. Ilichukua dakika 6. Kisha akaandika saa, akaandika rangi ya nailoni, akasaini.